Hapa Ulichoka

Mchana nauguza Maweni, jioni nabeba mawe:
ndivyo majirani wa Gungu walivyonitania
Bukuru aliposhusha guta la tatu mlangoni,
mawe mapana, mekundu kama ini,
mengine yamebanduka tabaka kama chapati ya juzi.
"Kwa bei hii," akasema, "chagua mwenyewe yenye uso."
Nikachagua. Jiwe lina uso na lina mgongo,
na ukilaza mgongo juu, mvua haitakusamehe.

Hatua ishirini na sita, toka kizingiti hadi jikoni.
Masika iliyopita utelezi ulimchukua mama hapo,
yeye na sufuria ya maharage,
na aliponyanyuka aliyasikitikia maharage.
Mtoto wa jicho ameshafunika la kulia, kwa la kushoto yumo njiani;
fimbo hataki. "Fimbo ni ya mgeni. Mimi ni wa hapa."

Nikafunga kamba ya katani kwenye vigingi viwili.
Nikachimba shubiri moja, nikakuta
kijiko, betri, kandambili ya mtoto ambaye sasa ana ndevu.
Kokoto chini. Juu yake mchanga wa ziwani
uliojaa vigamba vya konokono
vinavyolia kru, kru, chini ya goti.
Nikaiinamisha njia kidogo, upana wa kidole tu,
maji yashukie migombani, yasije kutusalimia ndani.

Mama kaketi kwenye kibao, ungo mapajani,
anachambua maharage kwa vidole
na mawe kwa masikio.
Nagonga kwa mpini wa nyundo: ko.
"Hilo limekaa."
Nagonga: kwom.
"Hilo linakudanganya. Lina njaa chini yake."
Nalinyanyua, nalilisha mchanga, nalilaza tena.
Jumamosi nne hivyo,
na nilipotoka zamu ya usiku
nililala saa mbili tu, nikaamka na vumbi kopeni.

Ya tano, jua likiingia Kongo,
nilifagilia mchanga kwenye mianya, nikamwaga maji.
Mawe yakawa mekundu upya, kama ndani ya kinywa.
Mama akavua kandambili.
"Rimwe," akaanza, kwa Kiha chake cha Kasulu,
"kabiri, gatatu..."
vidole vya miguu vikitangulia,
kama mtu asomaye barua ya mwanawe
polepole, asije akairuka salamu.

Kwenye la kumi na tatu akasimama.
Akapeleka uzito kisiginoni, akaurudisha.
Jiwe likaitika, kidogo mno;
mimi sikusikia kitu.
"Hapa ulichoka," akasema.

Nikakumbuka. Jumamosi ya tatu,
natoka wodi ya watoto,
usiku ulioacha vitanda viwili wazi kabla ya alfajiri.
Sikuwa nimemwambia mtu.
Nilifika, nikashika nyundo, nikagonga bila kusikiliza,
na yeye siku ile alikuwa kanisani.

Nikapiga magoti niling'oe.
Akaniwekea mkono kichwani,
mkono wenye vumbi la maharage makavu.

"Liache. Nikilikanyaga nitajua nimefika nusu."

Akaendelea, kumi na nne, kumi na tano,
bila kunisubiri,
na alipofika jikoni akauliza kwa sauti
sufuria yake iko wapi.