Ziwa la Ukurasa wa Kumi na Moja

Askari wa mlangoni, kule Nyali, alizizuia kachiri zetu za muhogo,
akasema humo ndani huliwa bisi tu, tena bisi za kwao,
za bei ya mita mbili za poplini.
Nikalipa. Nilikuwa nimemwahidi Shekue tangu Rajabu.

Ukumbi baridi kama jokofu la samaki.
Nikamviringisha leso yangu, akabaki macho na pua,
naye mwenyewe konokono.

Konokono ndiye tuliyemfuata,
yule wa kitabuni, aliyemwendea fundi wa cherehani
kuomba nyumba yake itiwe mfuko mmoja,
mfuko wa kuwekea mvua.
Miaka miwili nimemsoma kila usiku baada ya Isha,
chumba cha juu, Kibokoni, cherehani yangu imefunikwa,
na sauti yake nimeitoa mimi:
nzito, ya puani, ya marehemu Bi Tunu wa mahamri
aliyehesabu chenji kama anayeiaga kila shilingi.

Taa zikazimwa. Konokono akafungua kinywa,
ikatoka sauti ya kijana wa redioni,
ya haraka, ya mzaha, inayocheka kabla yako.
Shekue akanigeukia: "Shangazi, huyu siye."
"Ngoja," nikamwambia.
Hata mimi nilikuwa nangoja.

Kitabuni alivuka barabara kwa kurasa saba.
Saba! Ukifunua yupo, ukifunua yupo,
gurudumu la mkokoteni limekaribia, ukifunua bado yupo,
na mtoto kashika pumzi na shuka.
Hapa alivuka mara moja, ngoma zikivuma.
Aliruka. Konokono, akaruka!
Ukumbi mzima ukapiga makofi.
Mimi sikupiga.

Halafu huyo fundi.
Mchoraji wa kitabu alimchora mikono
na pindo la kitambaa, basi; uso alikuachia wewe.
Wao wamempa uso, kope ndefu, kidoti shavuni,
na subana kaivaa kidole gumba!
Akakata uzi bila kupiga fundo.
Mama wa kiti cha mbele akageuka kuniangalia.
Nadhani nililisema kwa sauti.

Tulipofika msituni moyo ukanidunda.
Ukurasa wa kumi na moja, kitabu chetu kina ziwa,
la hudhurungi, umbo la sikio.
Ni kahawa. Niliimwaga mimi, usiku stima ilipopotea,
nikamwambia Shekue: hili ni ziwa, konokono analizunguka.
Na tangu usiku ule analizunguka,
kidole cha Shekue kikimwongoza ukingoni asije akazama.
Msitu wao ulikuwa mzuri, sikatai,
majani elfu, kila jani na umande wake.
Ziwa hapana.
"Li wapi?" akaninong'oneza.
Ningemjibu nini? Kwamba dunia nzima
imekisoma kitabu hiki bila ziwa?

Kisha, sitasema uongo, ikaja mvua.
Kitabuni ni mistari mitatu ya samawati.
Hapa wote walinyamaza, hata yule kijana wa redioni,
mfuko ukafunguka polepole,
na mvua ikaanza nyuma yetu, kwenye viti vya mwisho,
tone moja, jingine, kama juu ya mabati,
ikatupita, ikafika mbele.
Shekue akautoa mkono ndani ya leso, akaukinga.
Nami niliyekuja na mkasi ulimini
nikatafuta ncha ya leso, nikakuta yote anayo yeye.

Usiku ule akataka kitabu vilevile.
Pale barabarani akafunua kurasa mbili kwa pamoja.
Nikaurudisha mmoja. Akaniangalia.
Nikasoma kwa sauti ya Bi Tunu, pole pole, kwa ukaidi kidogo.

Kidole chake kilipofika ziwani kikasimama.
"Hapa," akasema,
"ile mvua yake ilianguka hapa."