Pale Mshale Utakapotokea

Mjomba Bujiku hakuniambia "lenga."
Aliniambia: jua pale mshale utakapotokea.

Tulikuwa juu ya mkuyu, Nyakaliro,
upande ule ziwa linapojificha nyuma ya mafunjo.
Miguu imekufa ganzi kwenye panda,
siafu mmoja ananikagua shingo kama mtoza ushuru.
Kibali cha kuwinda alikikunja
kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na ugoro.
Chini yetu, makuyu yaliyopasuka.
Pongo huja kuyaokota jua likiwa changa.

Ukiwa juu, alinong'ona, jicho ni mwongo.
Litakuonyesha mgongo, mpana kama mkeka.
Usiukalie mkeka huo.
Tafuta kiwiko cha mguu wa mbele,
rudi nyuma yake upana wa kiganja:
hapo mapafu yanapumua bila habari.
Sasa pitisha uzi, kwa akili tu,
kutoka hapo juu ubavuni
hadi chini, karibu na kwapa la pili.
Mlango wa kutokea ndio unaoulenga.
Wa kuingilia utajipanga wenyewe.

Akinitazama uso kwa uso?
Mwache.
Akinipa bega?
Mwache, lile ni ngao yake.
Ngoja apige hatua, mguu uende mbele
kama mtu anayesogeza pazia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Niliitikia kila kitu.

Akaja dume, michirizi meupe ubavuni,
chaki iliyofutwa kwa haraka.
Akainama. Akaokota moja, akatafuna,
nikasikia meno.
Mguu ulikuwa bado nyuma.
Sikuungoja.

Mshale ukiingia tumboni
hulia kama kofi kwenye gunia la pumba.
Mjomba hakunigombeza. Alifungua nailoni,
akavuta ugoro, akapiga chafya ndani ya kiwiko chake,
akasema: sasa tutakaa.
Ukimkimbiza sasa, atakimbia na uchungu wako hadi majini.

Tukakaa. Jua likapanda, likachoka.
Mshale tuliuokota hauna povu la waridi;
una kijani, na harufu ya kifungua kinywa chake.
Tukaingia mafunjoni, maji magotini,
tone kwenye jani, kisha hakuna,
kisha nusu ya tone.

Alikuwa amelala, kichwa kimesimama.
Tangu asubuhi.
Shika pembe, mjomba akasema, kisu kikiwa tayari.
Nikashika.
Zilikuwa na joto la jua, si lake.

Leo nina bucha Buzuruga.
Mizani, ndoano, ng'ombe wa Magu alfajiri.
Kabla sijapasua ubavu
huweka kiganja changu nyuma ya kiwiko
na kungoja kidogo, mguu usogee,
ingawa najua hausogei.
Mama Kashindye hugonga kaunta kwa sarafu:
wewe binti, unapima nini hapo?
Unono, namwambia.
Kilo ngapi leo?