Njia ya Kuingia Nchini

Steshenari yangu hapa Newala ina mashine mbili:
moja inatoa kopi,
ya pili inamngoja fundi tangu mwaka juzi.
Ukungu wa Juni ukipanda kutoka bondeni
unaingia hadi kwenye rimu, karatasi zinagandana.
Kila asubuhi naanza kwa kuzipepea.

Kanuni zikibadilika, mimi najua kabla ya redio.
Najua kwa foleni.

Kwanza walitaka picha mbili, nyuma pawe peupe.
Nikatundika shuka.
Baadaye nne, nyuma pawe buluu.
Nikafumua sketi mbili za shule za binti yangu,
nikaziunga, nikazipigilia ukutani.
Sasa wanasema kila kitu kipite mtandaoni,
na mtandao wa huku kwetu ni kama mtu anayedaiwa:
anachungulia mlangoni, anageuka.

Mama Nantembo, muuza vitumbua,
zamani kibali chake kilikuwa cha miaka miwili.
Safari hii amepewa mmoja, kwa hela ileile.
Ameweka kikapu chini, ananiuliza mimi,
kana kwamba mimi ndiye niliyekata:
"Nimepungua wapi?"

Likwata fundi baiskeli alijaza fomu ya zamani.
Wakamwambia ile fomu imekufa, aanze na mpya.
Risiti yake alikuja kuipiga lamineshi hapa, buku moja.
Fomu iko kaburini, risiti inang'aa.

Na yule binti Inasia, aliyekuja usiku na viatu vya mtu mwingine,
cheti chake cha ukunga ni cha Kireno.
Nimekitolea kopi mara sita.
Sijui kinasemaje.
Najua tu pale kona ya chini ilipokunjwa,
ilipokaa ndani ya sidiria njia nzima.

Nisijitakase.
Tangazo jipya likibandikwa, droo yangu inajaa.
Ada ya muhula wa kwanza ililipwa na ile buluu.

Jana nilifunga mlango kabla ya magharibi,
nikamketisha Atanasi mbele ya sketi.
"Usicheke."
"Sicheki."
"Masikio yaonekane."
"Haya masikio umeyaona miaka ishirini na sita."
Mikorosho yake arobaini inamjua kwa hatua;
daftari la salfa halimjui.
Tukawasha kompyuta.

*Tarehe ya kuingia nchini.* Vijumba vinane, tarakimu tu.
Mama yake alikuwa akisema: mihogo ilikuwa imeanikwa,
Ruvuma imeshuka hadi kiunoni,
na nyuma yao kulikuwa kunalia bunduki.
Nikachapa nilichoweza.
Mashine haikutaka mihogo.

*Njia ya kuingia. Chagua moja: Anga. Maji. Nchi kavu.*

"Mgongoni," akasema.
"Hakuna mgongoni."
Akakaa kimya, anakuna kidole chenye kovu la utomvu wa korosho.
"Sasa mama alikuwa nini? Maji, au nchi kavu?"

Marehemu mama mkwe.
Chale za mashavuni mwake na za bibi yangu mimi, wa huku,
ungesema kisu kilikuwa kimoja.
Siku aliyoniona mara ya kwanza
hakuniuliza nimetoka wapi. Aliuliza kama najua kutwanga.

Nikabofya *Maji*. Nikafuta.
Nikabofya *Nchi kavu*.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
mpaka umeme ukaondoka na vyote.

Gizani nikahesabu: picha nne, elfu nne.
Nikatoa kwenye pochi yangu, nikatia kwenye droo yangu,
nikawasha tochi ya simu, nikafungua kitabu cha risiti.
*Imepokelewa kutoka kwa.*
Nikaandika jina lake lote, la baba yake, la babu yake,
na la kile kijiji cha ng'ambo
ambacho ukungu ukikatika
tunakiona kutoka ukingo wa mlima, mabati yake yanametameta.
Mstari ukaisha, nikapinda pembeni mwa karatasi.

Akaikunja mara mbili.
"Hii nayo," akauliza, "ni ya muda gani?"