Maji ya Kukandia

Siku ya tisa tangu nijifungue
kopo la mkaa lilipanda tena.
Ni kopo lilelile la Bulugu, la rangi ya mafuta,
ila sasa limebonyezwa kitako,
na mkono wake, akijaza, una haraka
kama wa mtu anayefukia.

"Vibali," anasema. "Kivuko. Msitu umefungwa."
Kila siku mkaa una sababu mpya,
na mimi nina arobaini ya kuhesabu.

Mama mkwe amekuja kutoka Magu
na taulo lake moja, na viganja
vilivyokanda wazazi kumi na wanne.
Vuguvugu halitambui.
"Yachome," anasema, "yachome mpaka mfupa uitike."
Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni,
na beseni la mtoto,
na baridi ya Juni inapanda kutoka ziwani
inapita chini ya mlango bila hodi.

Mtungi wa gesi uko pembeni tangu Pasaka,
tumeutandika kitambaa, wageni wanaukalia.
Hita?
Mita yetu ni moja, wapangaji saba.
Niliichomeka usiku mmoja, kwa wizi,
LUKU ikaanza kulia pi, pi, pi,
kama kifaranga aliyeachwa,
na milango yote ikafunguka
kuuliza nani anachemsha.

Malimi, mume wangu, hasemi kitu.
Anazima redio
kana kwamba habari ndizo zinazokula umeme.

Siku ya kumi na saba mama mkwe
aliyahesabu makaa moja moja, kama shanga,
akarudisha matatu kwenye mfuko.
Kisha akatoka nje, alasiri,
akaenda kwenye lile jiwe nyuma ya nyumba,
jiwe lililotuzidi sote kimo,
ambalo choo chetu kimeliegemea.
Akaliwekea kiganja
vile anavyompima mtoto homa.
Akakiacha hapo muda mrefu.

Kesho yake madumu ya njano
yalipakwa masizi mpaka yakawa meusi ti,
yakapandishwa jiweni kabla ya chai.
Alikuwa akiyageuza kama mtu anayechoma mahindi.
Saa tisa nilitia mkono:
maji hayakuchoma,
lakini yalikwisha kulisahau ziwa.
Makaa matano yakamalizia kazi.

Siri ya jiwe haifichiki, Mabatini.
Ndoo ya chumba cha nne ikaja,
sufuria la Mama Kulwa likaja, halina mfuniko,
wakagombana nani amemtilia nani kivuli.
Mtu akachora mipaka kwa chaki.
Na mwenye nyumba akaja na kamba ya kupimia.
Jiwe limo kwenye kiwanja chake, alisema,
basi kila chombo mia mbili kwa siku.

Mama mkwe hakunyanyua sauti.
"Na jua," aliuliza, "ulilinunua pamoja na kiwanja?"

Hakujibu.
Tunalipa.
Mia mbili bado ni nafuu kuliko kopo.

Jioni ananilaza chali.
Taulo linatua tumboni, napiga yowe,
mtoto anaitikia yowe,
wapangaji wanaongeza sauti za televisheni zao.
"Huo," anasema mama mkwe, "huo ndio mfupa."
Jasho linamtoka yeye, si mimi.
Sijawahi kumwambia asante kwa Kisukuma,
naogopa nitaitamka vibaya acheke.

Leo ni arobaini.
Amefunga mzigo wake, basi ni alfajiri.
Bulugu ananidai makopo sita,
anapita dirishani akikohoa kikohozi cha deni.
Nimemfunga Masalu mgongoni,
nimetandika kitenge juu ya jiwe, nimekaa.
Ni saa mbili usiku, upepo unatoka majini,
na chini yangu jua la mchana
bado linatoka polepole, linapenya kitambaa,
linafika mapajani.

Mwenye nyumba anatoza vyombo tu.
Kukaa bado hajakufikiria.