Waya wa Dirishani

Nimenunua gari lisilo na tangi.
Lilitumika Japani miaka saba,
likaja kwetu Walukuba na lugha yake.
Kila nikiliwasha husema jambo,
sauti ya binti mwenye adabu,
nami huitikia, "Haya, mama," tukaondoka.

Siku ya kwanza Mugoya fundi alifungua boneti,
akatazama, akafunga, akafungua tena,
mtu aliyekuta nyumba imehamwa.
"Injini wameificha wapi?"
Akanawa mikono isiyo na doa
akanidai elfu tano za kuangalia.
Nikampa. Macho nayo yana kazi yake.

Usiku napitisha waya dirisha la jikoni,
juu ya sinki, chini ya pazia la Naigaga
(ameufunga kitambaa cha njano
watoto wasiufanye kamba ya kuruka),
hadi uani.
Mita ya ukutani huanza kupepesa jicho jekundu.
Tarakimu ishirini za tokeni
nazibonyeza gizani bila kukosea,
vidole vimezikariri njia, si namba.

Nimejifunza kwamba pasi na gari
havili sahani moja.
Kwamba mteremko wa kushukia mtoni
hunirudishia asilimia moja,
chenji ya muuzaji mwaminifu.
Kwamba mbuzi wa Bugembe hawanisikii nikija;
natoa kichwa nje, napiga mluzi.

Na Kampala?
Kampala ni hesabu.
Kilomita themanini, Mabira katikati.
Natoka na mia. Lugazi, sitini na nne.
Mukono, thelathini na tatu: nazima feni,
nazima redio,
Naigaga anasema nizime na maneno.
Kireka naingia na kumi na moja,
moyo ukipiga kelele zote
ambazo injini haina.

Mwenye nyumba, Balikoowa, hakuupenda waya.
"Nilikupangisha vyumba, si kituo cha mafuta."
"Hakuna mafuta, mzee."
"Hilo ndilo linalonitia shaka."
Kila jioni alikuja kuushika ukuta
kwa kiganja, kama paji la mtoto,
aone kama una homa.

Kisha mvua ya Aprili ikaangusha nguzo.
Siku mbili giza.
Sisi ambao bwawa ni jirani yetu
tukawa mpishi aliyelala njaa.

Usiku wa pili mlango ukagongwa.
Balikoowa, simu mkononi, imezimika.
Bintiye yuko Kuwait, nyumba ya watu,
simu anaruhusiwa Ijumaa tu,
na Ijumaa ilikuwa leo,
na leo ilikuwa imebaki nusu saa.

Tukaingia garini. Nikaliwasha.
Binti wa Kijapani akasema neno lake.
"Anasemaje?"
"Sijui. Labda karibu."
Akavua kofia. "Asante," akaliambia dashibodi.

Tukakaa, vioo juu, mbu nje.
Simu yake ikapanda: moja, mbili, nne.
Gari likapungua kiasi
cha kutoonekana.
Hakuuliza yuniti.
Alikuwa akiitazama ile namba ndogo
jinsi mimi ninavyoitazama yangu
nikipita Mukono, na kwa mara ya kwanza
nilimwona mtu mwingine akijua
asilimia ni nini.

Ikaita saa tano na dakika kumi.
Nikatoka, nikasimama kwenye manyunyu
nimwachie nafasi.
Kioo kilijaa ukungu. Nilisikia kicheko tu,
na jina, "Kagoya, Kagoya,"
na taa ya ndani ikawaka muda mrefu
kuliko ninavyoruhusu.

Umeme ulirudi Jumapili.
Jioni akaja kama kawaida,
akaushika ukuta, akasema una joto.
Akautazama waya, pazia, kitambaa cha njano.
"Utaliharibu pazia la watu hivi.
Kesho nakuja na drili
nitoboe tundu la maana hapa chini."
Akafika getini, akageuka.
"Gharama ni yako."