Mstari Mwekundu

Simu ni yangu, kioo kimepasuka kona ya juu,
chaji asilimia arobaini na moja,
wanafunzi sabini na wanne.
Piga hesabu mwenyewe.

Usiku ililala dukani kwa Mchopa,
shilingi mia tatu kwa sola yake,
foleni moja na simu za vijana wa kupuliza salfa.
Asubuhi nimeifuta vumbi kwa pindo la khanga,
nikaiegemeza kwenye kopo la chaki.

Darasa la Nne B, Newala.
Somo: andika sentensi moja kuhusu jana.
Sheria: mikono mikavu, kidole kimoja,
asiyefikiwa leo atafikiwa kesho, na asilie.

Bashiru akaanza: *Jana tulikula ming'oko.*
Simu ikamkatalia. Ikaandika:
*Jana tulikula migongo.*
Darasa likalipuka.
Wa nyuma wakapanda madawati waione migongo hiyo,
mmoja akauliza ya nani, na ilichemshwa au ilichomwa.
Bashiru mwenyewe alicheka hadi akashika ukuta.
Nikamfundisha kurudi nyuma, kufuta,
kuandika tena herufi kwa herufi,
na ritifaa pale inapokaa,
mpaka simu ikachoka kubishana.

Akaja Asina.
Asina Nandonde, wa dawati la dirishani,
ambaye tangu Januari nimeisikia sauti yake mara mbili,
moja ikiwa chafya.
Akaandika polepole, kama anayetoa mwiba:
*Mimi ni Asina Nandonde jana nilikwenda kuchota maji*
Hakuweka nukta.
Chini ya Nandonde ukatambaa mstari mwekundu.

Akauona. Akanitazama.
Akalifuta jina. Akaliandika vilevile.
Mstari ukarudi.
Akajaribu Nandondo. Akajaribu Nadonde.
Akajaribu, na hapo moyo ulinishuka,
kuimaliza sentensi bila jina la baba.

Naujua mstari huo.
Miaka kumi na sita nimeuchora kwa mkono huu,
kalamu nyekundu ya shilingi mia mbili,
kwenye madaftari ya watoto
wanaoandika kama wanavyosema nyumbani.
Nilichora haraka, madaftari sabini, giza linaingia.
Sikumbuki kama niliwahi kuuliza
neno hili umelipata kwa nani.

Nikapiga magoti sakafuni,
tukawa kimo kimoja mbele ya kioo.
Asina, hujakosea, nikamwambia.
Hii simu haijafika kwenu.

Akauliza, mara ya tatu tangu Januari:
Si ililala kwa Mchopa?

Sikuwa na jibu.
Duka la Mchopa na mlango wa kwao vinatazamana.

Nikamwonyesha: bonyeza neno, usiachie.
Kikafunguka kidirisha: *Ongeza kwenye kamusi.*
Akaongeza, kwa kidole chenye alama ya mpini wa dumu.
Mstari ukatoweka bila kelele,
kama sisimizi aliyepulizwa.

Hapo ndipo somo langu lilipoharibika.
Hakuna aliyeitaka jana tena.
Namtimba! Mkwanda! Mtukwao! Nang'olo!
Wakaongeza majina ya bibi zao,
ya shamba, ya kilima, mmoja akaongeza la mbuzi
na akaapa kwamba mbuzi huyo huitika.
Saa tano na robo kioo kikazima
Likwata akiwa katikati ya jina lake:
*Likwa*
Akabaki na kidole hewani.
Kesho utaanza wewe, nikamwambia.
Akasema: Ikiamka, itakuwa haijasahau?

Jioni nimemlipa Mchopa mia tatu nyingine.
Nilitaka kumwandikia dada yangu aliye Lindi,
*Nimechoka*, basi,
lakini nilipoweka herufi ya kwanza tu
simu ikanitandikia, kwa adabu zote,
Nandonde, Namtimba, Nang'olo.
Nikakaa nao kidogo.
Dada hakupata ujumbe.

Sasa taa iko mezani na rundo la madaftari liko mbele yangu.
Nimefungua la juu.
Mstari wa pili kuna neno nisilolijua.
Kalamu nimeishika.
Kofia yake sijaivua.