Sahani Nne

Mmbone amepanda Chavakali kumwuguza mamake.
Ameniachia watoto watatu, jiko na daftari,
lile lenye jalada lililolowa mafuta ya taa,
ambalo kwa miaka sita nimelicheka.
"Mke wangu ni karani wa omena," niliwaambia wenzangu
pale Kibuye, tukipiga randa vitanda vya watu.

*Jumatatu: omena, kikombe na nusu. Nyanya mbili, si tatu.*
*Jumanne: mrenda na kunde. Magadi yako kopo la bluu.*
*Jumatano: maharagwe. Chemsha ya siku mbili, mkaa ni uleule.*
*Alhamisi: yaleyale, ila yakaange. Wasijue.*

Wasijue!
Miaka sita nimekula Alhamisi
nikiusifu mkono wake.

Nimepiga magoti, namulika uvunguni kwa simu.
Debe la mahindi la Agosti,
lililonunuliwa gorogoro ikiwa themanini,
na Mei hii, gorogoro mia na hamsini,
limekaa tu pale kama mtu asiyesikiliza redio.
Maharagwe ndani ya majivu.
Njugu kwenye chupa za soda, vifuniko vimekazwa.
Vibiriti pakiti nzima; mke wangu hanunui kimojakimoja.

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Hawakulala chumba kimoja na dumuzi.
Yeye alilala nao, ndiyo maana ya majivu,
ndiyo maana ya pilipili kavu katika unga wa wimbi,
na ile vurumai ya Jumamosi, kila kitu juani,
mimi nikiruka mikeka nikiuliza,
mama, leo tunahama?

Siku ya kwanza nilijitia mjuzi.
Nikatoka soko la Jubilee na mbuta mzima,
nikiupunga mfuko kama niliyeshinda kesi.
Tulikula, tukalamba vidole hadi kwenye kiwiko.
Ijumaa sikuwa na hata ya kitunguu.
Vugutsa akaniletea daftari bila neno,
akaweka kidole palepale, Ijumaa.
Mtoto wa miaka tisa. Kidole kina wino.

Basi nikalisoma kama ninavyosoma mbao,
polepole, nikifuata mshipa.
Huyu mtu hupima mara mbili, hukata mara moja,
na hata vumbi la msumeno ana kazi nalo:
ukoko wa Jumapili huamkia chai ya Jumatatu,
kunde zilizokomaa huendea maziwa mala,
maji ya maharagwe hayamwagwi.

Kando ya kila siku kuna namba ndogo.
Nilidhani ni bei.
Wiki hii zote ni nne. Sawa, hayupo.
Nikafunua Aprili: tano, tano, tano,
mpaka tarehe ishirini na tano. Kisha nne.
Nne hadi mwezi unaisha.
Machi, vilevile. Februari.
Novemba, mteja aliporudisha kabati langu
na mimi nikanuna mwezi mzima,
nne tangu tarehe kumi na sita.

Nyumbani tuko watano.

"Nimeonja nikipika," angesema, akikusanya vyombo,
"nimeshiba mimi, kuleni."
Na mimi nilikula. Nikaomba kuongezwa.

Jioni alipiga simu. Mamake ameweza kuketi.
Mnakula nini? akauliza.
Nikamsomea ukurasa kana kwamba ni wa kichwani mwangu,
akacheka mpaka akakohoa.
Sikumwuliza. Salio lake lilikuwa linaisha,
na swali langu lilikuwa refu.

Watoto walipolala nilichomoa penseli sikioni,
ile bapa ya seremala,
nikafungua Juni, ambayo ameshaipanga hadi mwisho.
Kuanzia tarehe ishirini na tano
nikaikata kila nne, nikaandika tano.
Namba zangu ni nene, zinavuka mstari wake.

Halafu nikakaa. Kuandika si kupata.
Chai na mandazi ya saa nne pale Kibuye: thelathini.
Thelathini mara siku ishirini na sita.
Nikapima tena.
Inatosha sahani moja, na kitunguu.